Hombo: Deni la umeme na maji katika nyumba ya kupanga, nani anapaswa kutoa ushahidi?

Ugomvi wa pesa za umeme na maji kati ya mpangaji na mwenye nyumba unaonekana mdogo ukiutazama kwenye karatasi. Faranga elfu kumi mwezi huu, elfu kumi na tano mwezi ujao. Lakini katika senta ndogo za Walikale na Masisi, deni la namna hiyo linatosha kuitoa familia nje ya nyumba, kufanya magodoro na sufuria zishikwe, au kumlaza baba wa watoto kwenye kasho ya polisi. Na mara nyingi mpangaji analipa au anahama kabla hajauliza swali moja la msingi: pesa hii imehesabiwa namna gani?

Hombo ni mahali pazuri pa kulitazama swali hilo. Senta hii iko kwenye barabara ya taifa namba 3, ile inayotoka Bukavu, ikapita Miti na Bunyakiri, ikaelekea Walikale hadi Kisangani. Mto Hombo ndio mpaka. Ng'ambo ya kaskazini ni teritwari ya Walikale, Kivu ya Kaskazini. Ng'ambo ya kusini ni teritwari ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Ni mahali pa wasafiri, wachuuzi, madereva na walimu, yaani watu wengi ambao nyumba wanayolala si ya kwao.

Vita vimeongeza uzito wa jambo hili. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, na Walikale-centre ilishikwa mwezi wa Machi kabla waasi hawajaondoka mwanzoni mwa Aprili. Mapigano ya Masisi, Kalehe na Walikale yametawanya maelfu ya familia. Mkimbizi anayefika na watoto hatafuti mkataba mzuri, anatafuta mlango unaofungwa. Anakubali chumba kwa maneno ya mdomo, na neno "moto na maji tutaona" linapita bila mtu kulijali. Baada ya miezi miwili, neno hilo ndilo linazaa deni.

Sheria inasema nini

Katiba ya Februari 18, 2006, katika kifungu cha 48, inahakikisha haki tatu pamoja: makao yenye heshima, maji safi ya kunywa na nguvu za umeme. Kifungu hicho hakimpi mpangaji umeme wa bure. Kinaonyesha tu kwamba mambo haya matatu yanatembea pamoja mbele ya sheria, na kwamba si zawadi ya mwenye nyumba.

Upangaji wa nyumba za kulala unaongozwa na sheria namba 15/025 ya Desemba 31, 2015. Siku hiyohiyo ilitiwa sahihi pia sheria namba 15/026 kuhusu maji. Sheria ya upangaji inajulikana zaidi kwa kifungu cha garanti: kwa nyumba ya kulala, mwenye nyumba hawezi kudai garanti inayopita kodi ya miezi mitatu. Inaweka pia njia ya kufuata kukiwa na ugomvi: kwanza upatanisho mbele ya idara ya makazi, ile watu wanaiita habita, halafu mahakama ya amani kama upatanisho umeshindwa.

Sheria hiyo haihusu nyumba za biashara. Mtu aliyepanga chumba cha duka, cha saluni au cha dawa anafuata sheria za OHADA, ambazo Kongo iliingia Septemba 2012. Katika senta ya barabarani kama Hombo, tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu wengi wanauza mbele na kulala nyuma. Anayepanga hivyo afanye vizuri kuandika tangu mwanzo kama nyumba ni ya biashara, ya kulala, au yote mawili.

Chini ya sheria hizo kuna msingi wa zamani zaidi, dekreti ya Julai 30, 1888 kuhusu mikataba, ambayo Wakongomani wanaiita Kitabu cha Tatu cha sheria za kiraia. Kanuni zake nne zinatosha kumwongoza mpangaji yeyote.

Ya kwanza: mkataba uliofanywa kihalali ni sheria kwa waliokubaliana. Upande mmoja hauwezi kuubadilisha peke yake. Kama mlipatana faranga elfu tano kwa mwezi kwa ajili ya taa, mwenye nyumba hawezi kuamka asubuhi akasema ni elfu kumi kwa mwezi uliokwisha.

Ya pili: anayedai ndiye anayetoa ushahidi. Mwenye nyumba anayesema "una deni" ndiye anayepaswa kuonyesha deni limetoka wapi. Na mpangaji anayesema "nimekwisha kulipa" ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba amelipa. Kanuni hii inakata pande zote mbili, na ndiyo sababu karatasi ndogo ya risiti ina thamani kuliko mashahidi watatu.

Ya tatu: mkataba unawafunga waliouingia tu. Mpangaji mpya hawezi kulipishwa faktura ya mpangaji aliyehama kabla yake, isipokuwa yeye mwenyewe alikubali kulichukua deni hilo.

Ya nne: pesa iliyolipwa bila kudaiwa kihalali inaweza kurudishwa. Aliyelipa mara mbili, au aliyelipa deni lisilo lake kwa kuogopa kufukuzwa, hajapoteza haki ya kuidai.

Madeni matatu yanayochanganywa

Ugomvi mwingi unaanza kwa sababu watu wanaita "pesa ya moto" mambo matatu yasiyofanana.

Deni la kwanza ni faktura ya kampuni. Hili ni la miji kama Goma, Bukavu au Butembo, ambako kuna SNEL au kampuni binafsi kama Virunga Energies. Kompteri iko kwa jina la mwenye nyumba, na wapangaji kadhaa wanaitumia kwa pamoja. Hapa bei inajulikana, kwa sababu kampuni ndiyo inayoipanga. Kazi ya mwenye nyumba ni kugawanya tu. Akiweka faranga zake juu ya bei ya kampuni, hagawanyi tena, anauza. Sheria namba 14/011 ya Juni 17, 2014 ilimaliza ukiritimba wa SNEL na kufungua soko la umeme kwa wengine, lakini inamtofautisha mtu anayejizalishia umeme wa matumizi yake na mtu anayeuzia wengine. Biashara hiyo ina masharti na ina mdhibiti wake, ARE. Mwenye nyumba anayetengeneza faida kwenye kompteri ya kampuni anaweza kuulizwa anauza kwa ruhusa gani.

Kwa kompteri ya kulipia kabla, ile ya kashipawa, deni la mwezi uliopita haliwezi kuwepo kati ya nyumba na kampuni. Yuniti zikiisha, taa zinazimika. Kwa hiyo mwenye nyumba anayeleta "deni la zamani" kwenye kompteri ya namna hiyo anazungumzia hesabu kati ya wapangaji wenyewe, na hesabu hiyo aionyeshe.

Deni la pili ni la umeme wa mwenye nyumba mwenyewe: pano za solari, betri, jenereta. Hili ndilo la kawaida zaidi katika senta nyingi za Walikale, mbali na waya za kampuni. Katika Kongo nzima, ni takriban mtu mmoja tu kati ya watano aliye na umeme, na vijijini ni wachache zaidi. Hapa hakuna bei ya serikali wala kompteri. Kuna mapatano tu. Jua ni la bure, lakini betri inachakaa, na petroli inapanda bei barabara inapofungwa. Mwenye nyumba ana haki ya kudai mchango. Asichoweza kufanya ni kubadilisha mchango kwa miezi iliyokwisha, au kudai pesa kamili kwa wiki ambazo betri ilikuwa imekufa na chumba kilikuwa gizani.

Deni la tatu ni la maji. Inaweza kuwa faktura ya REGIDESO, mchango wa komite ya maji inayotunza bomba la kijiji, au bei ya bidoni inayochotwa kwenye tanki la uani. Kila moja ina hesabu yake. Mchango wa komite ni wa kaya na unajulikana na kijiji chote, kwa hiyo mpangaji anaweza kumuuliza mweka hazina wa komite moja kwa moja. Mwenye nyumba anayekusanya mchango wa komite kwa bei kubwa kuliko ile ya komite anajulikana kwa swali moja tu.

Kuna na deni la nne ambalo si deni la mpangaji kabisa: ushuru wa mapato ya nyumba, ule wa IRL unaolipwa kwa mkoa. Sheria inaweka ushuru huo juu ya yule anayepata mapato, yaani mwenye nyumba. Ukikuta umeingizwa kwenye "gharama za nyumba" pamoja na umeme na maji bila mapatano yoyote, una haki ya kuuliza umefikaje hapo.

Hesabu inayoweza kufanywa kwa kalamu

Watu wengi wanakubali mgawanyo wa sawasawa kwa sababu unaonekana wa haki. Kaya tatu, faktura moja, gawanya kwa tatu. Tuchukue mfano ili kuona matokeo.

Kaya ya kwanza ina taa tatu za wati 9, zinazowaka saa tano kila jioni, na simu mbili zinazochajiwa kila siku. Taa zinakula wati-saa 135 kwa siku, simu kama 50. Kwa siku 30 jumla ni kama kilowati-saa 5.5. Kaya ya pili ina vitu hivyohivyo, pamoja na televisheni ya wati 60 inayowaka saa nne kwa siku. Televisheni peke yake inaongeza kilowati-saa 7.2, na jumla inakuwa karibu 12.7. Kaya ya tatu ina vyote vya kaya ya pili, pamoja na friji ndogo inayokula kilowati-saa moja kwa siku kwa ajili ya kuuza sukari baridi na maji. Jumla yake inafika karibu 42.7.

Nyumba nzima imetumia kilowati-saa 61. Kama faktura ni faranga 60,000 na inagawanywa sawasawa, kila kaya inalipa 20,000. Lakini kwa matumizi halisi, kaya ya kwanza ilipaswa kulipa kama 5,500, ya pili kama 12,500 na ya tatu kama 42,000. Mwenye taa tatu amelipa karibu mara nne ya alichotumia. Mwenye friji amelipa nusu, na nusu nyingine imelipwa na majirani. Hakuna mwizi katika hesabu hii, ni njia ya kugawanya tu iliyo mbaya. Na mara nyingi, mwenye friji ni mwenye nyumba.

Hesabu hiyo haihitaji fundi. Wati zimeandikwa kwenye taa na nyuma ya televisheni. Zidisha wati kwa saa, zidisha kwa siku 30, gawanya kwa 1,000. Kompteri ndogo ya kila chumba ingemaliza ubishi, lakini pale isipokuwepo, orodha ya vyombo iliyosainiwa na wapangaji wote inatosha kuwa msingi wa mgawanyo.

Kwa maji hesabu ni nyepesi zaidi. Meta moja ya ujazo ni lita 1,000, sawa na bidoni 50 za lita 20. Faktura ikisema familia ya watu watano imetumia meta 20 kwa mwezi, maana yake ni bidoni 1,000, yaani zaidi ya 33 kila siku. Familia inayooga kwa beseni na kutumia choo cha shimo haifiki huko. Labda bomba linavuja, labda kuna mtu anayeuza maji, labda kompteri imesomwa vibaya. Katika hali zote tatu, mpangaji ana sababu ya kukataa kulipa sehemu isiyoelezwa, huku akilipa ile anayoikubali.

Kulipa sehemu isiyo na ubishi ni jambo la maana. Mpangaji anayezuia pesa yote kwa sababu ya ubishi wa nusu anajifanya mdaiwa kweli. Anayelipa nusu inayojulikana na kuandika kwa nini amezuia nyingine anabaki na nguvu mbele ya mpatanishi.

Dola au faranga?

Sehemu nyingine ya ugomvi ni pesa yenyewe. Kifungu cha 170 cha Katiba kinasema faranga ya Kongo ni pesa ya taifa na inalipa deni katika nchi nzima. Hata hivyo nyumba nyingi zinapangwa kwa dola, na gharama za umeme zinafuata kodi. Kwa muda mrefu hilo lilimlinda mwenye nyumba dhidi ya faranga inayoanguka. Kisha mwaka 2025, kuanzia Septemba, faranga ilipanda mbele ya dola kwa haraka, na ubishi ukageuka: mwenye nyumba aliyezoea kuhesabu dola kwa bei ya zamani hakutaka kushuka.

Kama mchango wa umeme ni dola tano, kwa bei ya 2,800 ni faranga 14,000, lakini kwa bei ya 2,300 ni 11,500. Tofauti ya 2,500 kila mwezi si ndogo kwa mwalimu wa shule ya msingi. Njia ya haki ni moja tu: bei ya siku ya kulipa, kwa pande zote, inapopanda na inaposhuka. Pale gharama inapolipwa na mwenye nyumba kwa faranga, kama faktura ya kampuni au mchango wa komite, hakuna sababu ya kuigeuza dola kabla ya kumfikishia mpangaji.

Kufungwa kwa benki za Goma na Bukavu tangu mwanzo wa 2025 kumesukuma watu zaidi kwenye pesa za mkononi na za simu. Malipo ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money yana faida moja kubwa: ujumbe unabaki kwenye simu ukiwa na tarehe, kiasi na namba ya operesheni. Ni risiti ambayo mwenye nyumba hawezi kuikana. Anayelipa mkononi aombe maneno matatu kwenye daftari: kiasi, mwezi, sahihi.

Mwenye nyumba naye ana haki

Haitakuwa kweli kuwachora wenye nyumba wote kama wakandamizaji. Wengi ni wajane, walimu waliostaafu, au familia zilizojenga vyumba vinne kwa mbao na mabati ili kusomesha watoto. Kompteri ikiwa kwa jina lao, kampuni inawadai wao, si mpangaji aliyehama usiku. Betri ikiharibiwa na mtu aliyeunganisha pasi ya umeme kwa siri, hakuna shirika linalowalipa.

Sheria inawapa silaha za kutosha. Mpangaji anawajibika kutunza nyumba, kulipa kwa wakati na kulipia uharibifu alioufanya. Garanti ipo kwa ajili hiyo: siku ya kuhama, mwenye nyumba anaweza kukata deni lililothibitishwa na kurudisha kinachobaki. Neno la msingi ni "lililothibitishwa". Kusema tu kwamba garanti yote imeliwa na umeme, bila faktura wala hesabu, si kukata deni. Ni kuchukua mali ya mtu.

Mfano wa nje unaweza kusaidia. Ufaransa, sheria ya Julai 6, 1989 inamruhusu mwenye nyumba kukusanya gharama kwa makadirio, lakini inamlazimisha kufanya hesabu kamili angalau mara moja kwa mwaka, kumtumia mpangaji mchanganuo wa kila gharama, na kuziacha karatasi zikaguliwe kwa miezi sita. Sheria hiyo haifanyi kazi Kongo. Lakini wazo lake halihitaji serikali ya Ulaya: hakuna anayelipa hesabu asiyoweza kuiona.

Kukata, kushika vyombo, kutisha kwa kasho

Hatari kubwa inaanza pale mazungumzo yanaposhindwa. Mwenye nyumba anakata waya, anafunga bomba, anaweka kufuli juu ya kufuli, au anashika vyombo vya mpangaji. Kwa sheria za kiraia, mwenye nyumba ana wajibu wa kumwacha mpangaji atumie nyumba kwa amani kwa muda wote wa mkataba. Kumzimia taa au kumfungia maji ili kumlazimisha alipe deni linalobishaniwa kunakwenda kinyume na wajibu huo. Na kuingia chumbani kwa mpangaji bila ruhusa yake kunagusa kifungu cha 29 cha Katiba, kinachosema makao ya mtu hayaingiliwi. Chumba kilichopangwa ni makao ya aliyekipanga, hata kama kuta si zake.

Kumtoa mtu ndani ya nyumba si kazi ya mwenye nyumba, wala ya vijana aliowakodi, wala ya mwenye bunduki anayemfahamu. Ni kazi ya mahakama. Uganda, jirani wa mashariki, imeandika jambo hilo wazi katika sheria yake ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022: bila amri ya korti, hakuna kufukuza. Kongo inafika palepale kwa njia ya mahakama ya amani.

Halafu kuna kasho. Katika Kivu zote mbili ni desturi ya muda mrefu kumpeleka mdaiwa polisi, au kwa kundi lolote lenye silaha lililo karibu, ili "alale kidogo" mpaka ndugu zake walete pesa. Desturi hiyo haina mguu wa kusimamia. Deni la kodi, la umeme au la maji ni jambo la kiraia. Mkataba wa kimataifa kuhusu haki za kiraia na za kisiasa, ambao nchi hii iliuingia tangu Novemba 1976, unasema katika kifungu cha 11 kwamba hakuna mtu anayefungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Na Katiba, katika kifungu cha 215, inaweka mikataba ya kimataifa juu ya sheria za ndani. Polisi anaweza kuingia kukiwa na wizi, vitisho au kupigana. Kwa faktura peke yake, hana la kufanya.

Malalamiko yanapita wapi

Kwenye karatasi, njia ni fupi. Mpangaji anaandika barua ya maneno machache: anaomba kuona faktura, anaeleza hesabu yake, anataja kiasi alicholipa na kiasi anachobishania. Nakala moja inabaki kwake. Jibu lisipokuja, anakwenda kwa idara ya makazi kuomba upatanisho. Wakikubaliana, makubaliano yanaandikwa na kusainiwa. Wasipokubaliana, idara inaandika hati ya kushindwa kwa upatanisho, na mmoja wao anaipeleka mahakama ya amani. Huko mtu anaweza kujisemea bila avoka, na asiye na uwezo anaweza kuomba hati ya umaskini ili asilipe gharama za kufungua kesi.

Kwa mtu wa Hombo, swali la kwanza ni ng'ambo gani. Kesi ya nyumba inakwenda kwa mahakama ya mahali nyumba ilipo. Chumba kilicho kaskazini ya mto kinategemea Walikale, kilicho kusini kinategemea Kalehe, hata kama mwenye nyumba na mpangaji wanauza kwenye soko moja na kuvuka daraja mara tano kwa siku. Kukosea hapo ni kupoteza nauli na wiki nzima.

Tatizo la kweli ni umbali na usalama. Sheria inapanga mahakama ya amani kwa kila teritwari, lakini safari ya kwenda makao ya teritwari inaweza kugharimu kuliko deni lenyewe, na vita vimevuruga kazi ya mahakama na ofisi za serikali katika sehemu kubwa ya Kivu. Kwa ubishi wa faranga elfu ishirini, hakuna atakayesafiri. Hapo ndipo chefu wa kijiji, wazee, viongozi wa kanisa au sosiete sivile wanapoachiwa kazi ya sheria.

Kazi hiyo wanaweza kuifanya vizuri au vibaya. Chefu anaweza kupatanisha, kuita mashahidi, kuandika makubaliano. Hawezi kufunga mtu, kuuza vyombo vyake, wala kuamuru atoke nyumbani. Upatanisho mzuri una maswali manne tu: Mlipatana nini mwanzoni? Faktura au gharama halisi iko wapi? Nani alitumia nini? Nani amelipa nini tayari? Mwenye nyumba asiyeweza kujibu swali la pili hana deni la kudai, ana ombi tu. Mpangaji asiyeweza kujibu la nne ajiandae kulipa tena.

Yanayoweza kubadilika bila kusubiri Kinshasa

Amani haitarudi Walikale kwa sababu ya daftari la risiti. Lakini ugomvi huu ni kati ya machache ambayo senta yenyewe inaweza kuyapunguza. Komite ya maji inaweza kubandika mchango wake wa mwezi mahali panapoonekana, ili asiwepo wa kuuongeza njiani. Wenye nyumba wanaotoa umeme wa solari wanaweza kutaja bei kwa taa, kwa simu na kwa televisheni badala ya bei moja ya kubahatisha. Wachefu wa ng'ambo mbili za daraja wanaweza kukubaliana juu ya karatasi moja ya mkataba, ya Kiswahili, yenye mstari mmoja kuhusu umeme na mmoja kuhusu maji.

Kwa familia iliyokimbia Masisi au Bunyakiri na kukuta chumba kimoja Hombo, mistari hiyo miwili ina thamani kubwa. Bila hiyo, kiasi cha deni ni kile mwenye nyumba anachosema, na muda wa kukaa ni ule anaoutaka. Ikiwepo, anayedai analazimika kuonyesha hesabu yake, na watoto wanaweza kulala usiku huo ndani wakati wakubwa wanabishana.